Neno Moja Lililofunga Sanduku: Somo la Kukusanya Historia ya Kijiji

Sisi wa kidato cha tatu tumekariri mbinu za kukusanya fasihi simulizi mpaka tunaziota usiku: kusikiliza, kushiriki, mahojiano, hojaji, kunasa sauti, kupiga picha. Tumekariri pia matatizo ya mkusanyaji, yaani ukosefu wa fedha, lugha, na wahojiwa kukataa kusema. Mwalimu akiuliza, mikono inainuka kama msitu wa Kinale. Lakini hebu niwaulize, ni nani kati yetu amewahi kukaa mbele ya mhojiwa aliyekataa kusema kwa sababu ya kosa la mwenye kalamu? Mimi nimekaa, na mwenye kalamu nilikuwa mimi. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida la mwaka huu, maana jambo hili halimo katika vitabu vyetu vya marudio.

Kwetu ni upande wa Lari, huku juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako ukungu huamka kabla ya watu. Kijijini mwetu kuna chama kidogo cha wazee wanaotunza historia. Hakina ofisi wala gari, na mshahara ndio usiseme. Kina chumba cha nyuma cha duka ambacho mwenye duka amekitoa bure, sanduku moja la bati, madaftari kumi na mawili na viongozi watatu. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mweka hazina ni mama anayeuza kabichi na viazi barabarani. Yeye ndiye anayejua ni nani mgonjwa, ni nani amefiwa na ni nani amekasirika. Wa tatu ni mzee tunayemwita Guka wa Funguo, kwa sababu funguo za sanduku hukaa shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Kila mkutano kila mtu hutoa shilingi hamsini, za mshumaa, chai na madaftari. Ukikosa hamsini unaleta kuni.

Mwanzoni nilidhani uongozi wa chama kama hicho ni kukaa mbele na kusema "utaratibu, utaratibu!" Kumbe kazi iko kwingine. Mwenyekiti hutembea kilomita nyingi kwenda kwa mzee mmoja asiyetoka nje, na akifika humkuta amelala, akarudi. Wiki ijayo huenda tena. Mweka hazina huingia katika nyumba ambazo wanaume wawili wa chama hawawezi kuingia kwa sababu ya ugomvi wa mashamba. Guka wa Funguo naye hufungua sanduku kila wiki jua likiwaka, akazianika karatasi kivulini, kwa sababu unyevu wa huku kwetu huleta kuvu na kuvu hula karatasi kuliko panya. Hakuna anayewalipa. Watu wengine huwacheka, eti wanatunza takataka.

Ili mwelewe kwa nini kazi yao ni ngumu, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Wanaojua historia wanivumilie.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walishambulia Lari. Milango ya nyumba ilifungwa kwa nje, nyumba zikatiwa moto. Chifu mstaafu Luka Wakahangara aliuawa, pamoja na watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Usiku huohuo kituo cha polisi cha Naivasha nacho kilivamiwa. Haya yaliandikwa katika magazeti ya dunia nzima, na picha zake serikali ya kikoloni ilizisambaza sana.

Lakini kulikuwa na usiku ndani ya usiku. Homgadi, polisi na askari waliofika walianza kulipiza kisasi, wakaua watu waliowashuku, na mauaji hayo yakaendelea baada ya kucha. Hayo hayakupigwa picha. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka wa 2005 kuhusu kesi za wakati huo, anaeleza kwamba waliouawa katika kisasi walikuwa wengi kuliko wa shambulio la kwanza. Baadaye zikaja kesi, na watu 71 wakanyongwa kwa ajili ya Lari.

Chanzo nacho ni kirefu. Kabla ya hapo kulikuwa na watu waliokuwa na ardhi yao Tigoni, karibu na Limuru. Serikali ilitaka ardhi hiyo iwe ya walowezi, ikasema watahamishiwa Lari. Luka alikubali akahama na watu wake. Wengine walikataa, na mnamo mwaka wa 1940 waliondolewa kwa nguvu, wakabaki mikono mitupu. Kwa hiyo wakati wa 1953 watu hawakuchomeana nyumba kama wageni. Walijuana majina, walijuana mbuzi.

Sasa basi, fikiria chama cha historia katika kijiji kama hicho. Mjukuu wa aliyechomewa ameketi benchi moja na mjukuu wa aliyenyongwa. Chai ni ya birika moja.

Wazee wetu hawakujibunia mtindo huu peke yao. Mnamo mwaka wa 1994, Sultan Somjee, aliyekuwa akishughulikia mambo ya utamaduni wa jamii katika Makavazi ya Taifa ya Kenya, alianza kuwashawishi watu vijijini waanzishe makumbusho yao wenyewe ya amani. Wazo lake lilikuwa kwamba kila jamii ina vitu na desturi za kupatanisha, na vitu hivyo vikitunzwa na wenyewe vitaendelea kufanya kazi. Mfano ambao mwenyekiti wetu huupenda ni leketyo, mshipi wa mwanamke wa Kipokot uliopambwa kwa kauri, ambao mama huuvaa kwa ajili ya ujauzito na uzazi. Mwanamke akiuweka chini kati ya wanaume wanaopigana, vita husimama, kwa maana kila mmoja wao alizaliwa na aliyevaa mshipi kama huo. Kule kisiwani Mfangano jamii ya Abasuba ina makumbusho yake, na karibu nayo kuna michoro ya kale ya mawe. Na hapa kwetu Kimende, mnamo mwaka wa 2001, watu waliotoka pande zote mbili za 1953 walianzisha Makumbusho ya Amani ya Lari. Chama chetu ni kadogo sana mbele ya hayo. Sisi hatuna hata kibao cha jina. Lakini wazo la watu wa pande mbili kukaa pamoja tulilipata huko.

Mtu anaweza kuuliza, kwani serikali haina karatasi? Inazo, ila karatasi zina tabia zake. Mwaka wa 2011 ilibainika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake huko Hanslope Park, na kati yake yalikuwemo mafaili kama 1,500 kuhusu Kenya. Mengine yalikuwa yamechomwa kabla ya uhuru. Mafaili hayo yalitokea wakati wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London, na mwaka wa 2013 Uingereza ilieleza majuto na kukubali kuwalipa watu 5,228. Hapa nchini, kundi la Mau Mau lenyewe lilibaki limepigwa marufuku tangu 1950 hadi 2003. Hebu pigeni hesabu: miaka arubaini baada ya uhuru! Mzee ambaye chama chake ni haramu kisheria atakuhadithia nini wewe, na daftari lako mkononi?

Haya, turudi kwenye chumba cha nyuma. Niliingia chama hicho kwa sababu mwenyekiti alisikia kwamba mwandiko wangu unasomeka. Wazee husimulia kwa Gikuyu. Wao walitaka masimulizi yaandikwe kwa Kiswahili vilevile, ili watoto wa walimu na wa askari waliotoka mbali, na nyinyi wenzangu, muweze kusoma. Kwa hiyo nikawa katibu mfasiri, cheo kikubwa kwa mtu wa umri wangu. Niliringa kidogo, sitaficha.

Niliyojifunza hapo ni mengi, nitataja machache yanayoweza kuwafaa. La kwanza ni tarehe. Ukimwuliza mzee "ulizaliwa mwaka gani?" atakuambia lolote, maana mwaka ulio katika kitambulisho mara nyingi ulikisiwa na karani. Muulize nini kilitokea. Mzee mmoja alisema alizaliwa wakati wa ng'aragu ya mianga, njaa ya mihogo. Hiyo ni 1943. Basi mwaka wa 1953 alikuwa wa miaka kumi, na anapokumbuka usiku ule ni kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi: anakumbuka mbwa, anakumbuka harufu, hakumbuki nani alitoa amri. Swali la amri usimwulize. Vivyo hivyo kuna wanaosema "tulipoingizwa kijijini". Hapo wanazungumzia 1954 na 1955, ambapo serikali iliwaondoa watu zaidi ya milioni moja katika maboma yao na kuwakusanya katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Ukijua hilo, hadithi nyingi zinajipanga zenyewe.

La pili, usiandike juu ya karatasi ya zamani kwa kalamu ya wino. Penseli tu, tena nyuma na kwenye pembe, polepole. Usiunganishe karatasi iliyochanika kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka hudhurungi ikala maandishi. Na ukikosea katika daftari la chama usifute kwa rababu. Piga mstari mmoja, neno la zamani libaki likisomeka, andika jipya juu, halafu tarehe na jina lako. Mwenyekiti anasema kosa nalo ni sehemu ya historia. Wakati huo nilidhani ni maneno ya walimu tu.

La tatu, na ndilo nililolivunja: kila simulizi husomewa mwenyewe kwanza, nyumbani kwake, kabla ya kusomwa mbele ya chama.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Mzee mmoja, nitamwita Mzee wa Kipande, alikuwa amesimulia habari za baba yake kwa masaa mawili. Huyu ndiye aliyekuwa ameleta kitu cha thamani kuliko vyote sandukuni: mkebe wa chuma wa kipande. Wanafunzi wa leo huona kipande katika picha tu. Tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, na aliitia katika mkebe mdogo aliouning'iniza shingoni. Watu wa kwetu waliuita mbũgi, kengele ya mbuzi. Ule wa baba yake ulikuwa umebonyea upande mmoja.

Baba huyo alikuwa ngati. Ndilo neno alilotumia mzee, bila kuinua wala kushusha sauti. Ngati ni homgadi, mlinzi aliyesimama upande wa serikali. Nami nilipofika kwenye neno hilo, katika kufasiri, niliandika "kibaraka wa mkoloni". Nikaendelea mbele kama niliyeandika "jembe". Sikumsomea nyumbani kwake kwa sababu kulikuwa na mtihani wa kati ya muhula na nilikuwa na haraka. Jumamosi nikasimama, nikasoma kwa sauti ya uhadithi, ile mliyoipigia makofi kwenye mashindano. "Babangu alikuwa kibaraka wa mkoloni..."

Mzee wa Kipande hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mimi nilisema hivyo?"

Nikanyamaza.

"Nimekuuliza, mwana. Nilisema hivyo?"

Nikasema hapana. Akamgeukia Guka wa Funguo akaomba sanduku lifunguliwe. Akachukua mkebe wake, akaufuta kwa koti, akatoka mvuani. Hakuna aliyemzuia, maana kanuni ya chama ni kwamba kitu ni cha mwenyewe, sanduku ni la kulindia tu.

Ningeweza kusema nilikosea kwa kutojua Kiswahili. Si kweli. Mnajua ninavyopenda msamiati. Neno "kibaraka" nililichagua. Babu yake baba yangu alifungwa kizuizini Manyani, na nyumbani kwetu hilo ndilo neno la homgadi; sijawahi kusikia lingine. Mzee alisimulia ya kwake, mimi nikaandika ya kwetu, kisha nikaweka jina lake juu. Katika darasa la fasihi tungesema nafsineni imebadilishwa. Kijijini wanasema umemwibia mtu mdomo.

Mwenyekiti hakunikemea. Aliniletea nakala za magazeti ya wakati wa ukoloni na kuniambia nitafute wapiganaji wa msituni wanaitwaje humo. Wanaitwa magaidi, ukurasa baada ya ukurasa. Wao wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, na wale wa kawaida waliitwa itungati. "Wewe umekasirika kusoma gaidi?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Basi na yule mzee kakasirika kusikia kibaraka." Halafu akaenda zake kuangalia kabichi.

Usiku huo nilimwuliza nyanya yangu, ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kunisimulia habari za wakati huo. Nilipomweleza niliyoyafanya, aliweka kijiko chini. Akaniambia kwamba baba yake alipokuwa Manyani, na wao wamefungiwa kijijini, ndugu mdogo wa baba yake alikuwa homgadi. Usiku alikuwa akipita nyuma ya nyumba akiwatupia unga katika kitambaa.

"Kwa hiyo alikuwa mtu mzuri, Cucu?"

"Alituletea unga," akasema nyanya. "Na yeye ndiye aliyemtaja baba akakamatwa. Sasa nyinyi wa shule mtaandika neno gani hapo?"

Sikuwa na neno. Mpaka leo sina. Nimeandika aliyosema jinsi alivyosema, pamoja na swali lake, na nilimsomea kabla ya kulipeleka kwa chama. Alinirekebisha mahali pawili: nilikuwa nimeandika gunia na hakukuwa na gunia, kilikuwa kitambaa; na nilikuwa nimeandika "ami yake" kana kwamba ni mtu wa mbali, akasema huyo aliitwa baba mdogo, na baba mdogo ni baba.

Katika daftari la saba, ukurasa wa kumi na nne, mtaona mstari mmoja juu ya "kibaraka wa mkoloni" na juu yake "ngati (homgadi)", tarehe, na jina langu. Chama kilikaa mikutano miwili kikijadili maneno. Kikaamua kwamba katika masimulizi tutaandika neno alilolitumia msimuliaji mwenyewe, liwe la Gikuyu au la Kiswahili, hata likiwa kali. Akisema mwenyewe msaliti, tunaandika msaliti. Akisema ngati, tunaandika ngati na kueleza maana pembeni. Sisi tukitoa maoni yetu tutayaweka ukurasa tofauti na majina yetu chini. Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: ikiwa msimuliaji amemtaja mtu kwamba aliua au alimtaja mwenziwe, jina hilo hukaa katika bahasha iliyofungwa mpaka familia zote mbili zikubali. Mimi sikubaliani sana na hilo la bahasha. Naona majina yakifichwa sana tutakuwa kama Hanslope Park, hata kama sanduku letu ni dogo. Nimesema hivyo mkutanoni, wakanisikiliza, wakapiga kura, nikashindwa. Imeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba katibu alipinga.

Kuhusu Mzee wa Kipande: mweka hazina alikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza hakufunguliwa lango. Mara ya pili waliongea bei ya viazi. Mara ya tatu alinibeba mimi. Nilimwomba mzee msamaha kwa Gikuyu, si kwa Kiswahili sanifu, nikamsomea ukurasa uliosahihishwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwisho akasema, "Mbuzi walioungua walikuwa saba. Umeandika sita." Nikapiga mstari, nikaandika saba, tarehe, jina.

Mwezi uliopita alikuja mkutanoni, akaketi karibu na mlango. Alitoa shilingi hamsini yake. Mkebe wa kipande hakuuleta, na mahali pake sandukuni Guka wa Funguo hajaweka kitu kingine.

Chama hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mwenyekiti amekubali wanachama wanne wa chama chetu cha Kiswahili wafike muhula ujao kusaidia kunakili. Kuna madaftari mawili ambayo kuvu imeanza kuyala, na hayo ndiyo ya kwanza. Watakaotaka kuja waniambie mapema, tukutane langoni saa nane kasorobo baada ya masomo ya ziada. Leteni penseli. Kalamu za wino ziacheni nyumbani.